Je, OCD inaonekana kwenye picha ya ubongo?

Kijana mmoja aliletwa na mama yake akiwa amebeba bahasha kubwa ya hospitali. Ndani mlikuwa na picha za MRI za kichwa chake, na ripoti fupi: hakuna kasoro iliyoonekana. Ndugu walikuwa wamechangishana fedha za kipimo hicho kwa miezi kadhaa. Mama akaniuliza: "Sasa kama ubongo hauna kitu, mbona ananawa mikono mpaka inachubuka?"

Kijana huyo ana OCD, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kurudia. Swali la mama ni la haki, na jibu lake si la mstari mmoja. Hapa chini nimeliunganisha na maswali mengine ambayo familia huniuliza.

OCD ndiyo ile tunayoiita wasiwasi?

Ndiyo na hapana. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "usiwe na wasiwasi" kwa mtu anayengoja majibu ya mtihani. Huo si ugonjwa. Lakini neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambako lilibeba maana ya mnong'ono unaomrudia mtu moyoni, na watu wa pwani bado wanalitumia kwa maana hiyo ya zamani. Wakisema fulani "ana wasiwasi wa udhu", wanamaanisha anatawadha, anatia shaka, anatawadha tena, mpaka jamaa wanamaliza kuswali yeye yuko bombani. Hapo tumeshaikaribia OCD.

Ugonjwa huu una pande mbili. Kuna wazo, picha au shaka inayomng'ang'ania mtu bila yeye kuitaka: mikono ina uchafu, mlango haukufungwa, nimegonga mtu njiani bila kujua, nimemkufuru Mungu. Kisha kuna tendo la kulituliza wazo hilo: kunawa, kurudi kukagua, kuhesabu, kuomba toba upya, kumuuliza mke mara ishirini kama gesi imezimwa. Tendo likifanywa nafuu huja, lakini haikai. Watu 2 hivi katika kila 100 hupata hali hii wakati fulani maishani, wengi wao ikianza utotoni au kabla hawajafika katikati ya miaka ya ishirini.

Kupenda usafi tu si OCD. Anayependa nyumba ing'ae huifurahia inapong'aa, ila mwenye OCD hafurahii. Mara nyingi anajua kabisa kuwa anachofanya hakina maana, na bado hawezi kukiacha.

Ni sehemu gani ya ubongo inayohusika?

Hakuna mahali pamoja pa kunyooshea kidole. Linalohusika ni duara la mawasiliano kati ya sehemu kadhaa.

Sehemu ya kwanza ni gamba la ubongo lililo mbele, juu tu ya matundu ya macho. Kazi yake mojawapo ni kupima thamani na hatari ya kitu: hiki ni salama, hiki kina kasoro. Karibu nalo, kwenye ukuta wa kati unaotenganisha nusu mbili za ubongo, kuna sehemu inayopiga kelele pale jambo linapokwenda kombo. Ujumbe wao unashuka hadi kwenye vifundo vilivyo ndani kabisa, vinavyoitwa kaudeti na putameni, ambavyo huchagua ni jambo gani lipite na lipi lizuiliwe. Kutoka hapo unapita kwenye kifundo kingine, palidamu, ukaingia talamasi, kisha talamasi inaurudisha juu kule ulikotoka. Duara limekamilika.

Nikitaka kulieleza kwa haraka huwa natumia daladala. Dereva haoni mlango wa abiria, anamtegemea konda. Konda akigonga bati, dereva anajua abiria wamepanda na mlango uko salama, anaondoka. Kwa mtu wa kawaida, akifunga kufuli, konda wa ndani anagonga: sawa, twende. Kwa mwenye OCD mkono umefunga, macho yameona kufuli imefungwa, lakini ule mlio wa bati hausikiki. Gari linanguruma palepale kituoni. Kwa hiyo anarudi kukagua, na akikagua konda bado yuko kimya.

Mfano huu una upungufu wake, maana ubongo hauna dereva mmoja. Unasaidia hata hivyo kueleza kwa nini kumwambia mgonjwa "si umeona mwenyewe imefungwa!" hakusaidii. Kuona ameona. Anachokosa ni ile hisia ya kuwa jambo limekwisha.

Basi vipande hivyo kwa mgonjwa vina umbo tofauti?

Kwa wastani, ndiyo, ila kidogo mno. Kwa miaka mingi tafiti ndogo zilikuwa zikigongana: hii inasema kaudeti ni kubwa, ile inasema ni ndogo, nyingine haioni tofauti. Sababu mojawapo ni kwamba kila moja ilikuwa na watu wachache. Ndipo watafiti wa nchi mbalimbali wakaunganisha picha zao katika mradi uitwao ENIGMA. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya wagonjwa 1,830 na watu 1,759 wasio na ugonjwa.

Kwa watu wazima wenye OCD, hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 3. Palidamu ilikuwa kubwa kwa karibu asilimia 3 pia. Kaudeti, ambayo ilikuwa imeandikwa sana kwa miongo mingi, haikuonyesha tofauti ya kutegemewa kwa ukubwa wake. Mwaka uliofuata wakapima gamba la nje, wakakuta kwa watu wazima limepungua unene kidogo katika sehemu ya pembeni kuelekea nyuma, mahali panapohusika na umakini na kupanga matendo. Wengi walitarajia tofauti kubwa iwe mbele, juu ya macho. Haikuwa hivyo.

Asilimia 3 ni kiasi gani? Chukua mtu mmoja mwenye OCD na mmoja asiye nayo, bila kuwachagua. Pima hipokampasi zao, kisha useme kwamba mwenye ndogo ndiye mgonjwa. Kwa tofauti iliyopatikana katika utafiti ule, utapatia kama mara 54 katika 100. Kurusha shilingi hewani kunakupa 50.

Naomba takwimu hiyo uikumbuke kila unapoona kwenye simu picha mbili za ubongo zilizopakwa rangi nyekundu na buluu, moja ikiitwa "ubongo wa kawaida" na nyingine "ubongo wa OCD". Mara nyingi ni picha za wastani wa makundi, au za kazi ya ubongo wala si umbo lake, na rangi amezichagua mtu.

Tofauti hizo ndizo zilizoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio ulioleta tofauti?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na napenda linapoulizwa, kwa sababu vichwa vya habari hulipita.

Katika takwimu zilezile za 2017, tofauti za watu wazima zilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wakitumia dawa. Hilo linaweza kumaanisha kuwa dawa zinagusa umbo la ubongo. Linaweza pia kumaanisha kuwa wanaotumia dawa ndio walioumwa zaidi na kwa muda mrefu. Kipimo kilichochukuliwa siku moja hakiwezi kutenganisha hayo mawili.

Halafu watoto. Kwa watoto wenye OCD ambao hawajaanza dawa, kilichotofautiana ni talamasi, iliyokuwa kubwa kuliko ya wenzao. Kwa watu wazima tofauti hiyo haikuwepo. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, njia zinachongwa na nyingine zinafutwa, hivyo huenda OCD ya utotoni ni safari ya ukuaji iliyopinda kidogo, na ile ya miaka mingi inaacha alama nyingine. Mtu anayekagua milango saa tatu kwa siku kwa miaka kumi anaufanyisha ubongo wake mazoezi ya aina moja. Tukijua kuwa ubongo hubadilika kwa mazoezi, kwa nini tushangae ukibadilika kwa hayo?

Kwa hiyo mtu akikuambia "ubongo wako umezaliwa hivi" au "umejiharibu mwenyewe", wote wawili wanasema zaidi ya wanachokijua.

Kama tofauti ipo, kwa nini daktari haioni kwenye MRI yangu?

Kwa sababu MRI ya hospitali inatafuta uvimbe, damu, kovu, maji yaliyozidi. Haitafuti asilimia 3. Vichwa vyetu vinatofautiana kwa ukubwa kuliko hivyo hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Watafiti wamejaribu pia kuzipa kompyuta maelfu ya picha zijifunze kumtambua mwenye OCD, na hazikufika kiwango cha kumfaa daktari kwa mgonjwa aliyekaa mbele yake.

OCD hutambuliwa kwa mazungumzo, hakuna kipimo cha damu wala picha. Ndiyo maana bahasha ya yule kijana iliniuma. Fedha zile zingetosha nauli za kliniki na dawa kwa muda mrefu.

Yapo mazingira ambayo picha inahitajika: dalili zikianza kwa mara ya kwanza uzeeni, zikija pamoja na kifafa, udhaifu wa upande mmoja, kichwa kisichopoa, mabadiliko makubwa ya tabia au kupoteza kumbukumbu, au zikifuata ajali ya kichwa. Hapo daktari anatafuta kitu kingine, na ni sahihi kukitafuta.

Kama picha hazisemi mengi, tumejuaje kuwa ni duara hilo?

Kwa njia za kando, na ndizo zenye nguvu zaidi.

Mwaka 1917 daktari wa Vienna aitwaye Constantin von Economo alieleza homa ya ubongo iliyowalaza watu usingizi mzito. (Si malale yetu ya mbung'o, ni ugonjwa mwingine kabisa.) Miongoni mwa walionusurika wapo waliobaki na mwili mkavu na mtetemeko, na wengine wakaanza kulazimika kuhesabu, kugusa na kurudia maneno. Vifundo vile vya ndani vilikuwa vimejeruhiwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walizalisha panya wasio na jeni moja inayofanya kazi sana katika vifundo hivyohivyo. Panya hao walijisafisha uso mpaka wakajitoa vidonda. Walipopewa fluoxetini, moja ya dawa zinazotumika kutibu OCD, walipunguza. Waliporudishiwa jeni hiyo katika vifundo hivyo tu, wakaacha. Panya hawezi kutuambia anawaza nini, kwa hiyo sisemi kwamba alikuwa na OCD. Lakini mahali palipoguswa ni palepale.

Mwanangu alianza kunawa na kuhesabu ghafla baada ya kuumwa koo. Inawezekana?

Inawezekana, na kwetu Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee. Mafindofindo yanayoletwa na bakteria wa streptokokasi yasipotibiwa vizuri yanaweza kuleta homa ya rumatiki, ile inayoharibu vali za moyo. Kinga ya mwili iliyotumwa kupigana na bakteria inageuka na kushambulia mwili wenyewe. Wakati mwingine inashambulia vifundo vya ubongo, mtoto anaanza kurusharusha mikono na kukunja uso bila kutaka. Hali hiyo huitwa korea ya Sydenham, na haina uhusiano na nchi ya Korea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imeonekana kwamba watoto wengi wenye korea hiyo hupata pia mawazo ng'ang'anizi na matendo ya kurudia.

Mwaka 1998 daktari Susan Swedo na wenzake nchini Marekani walieleza watoto 50 ambao OCD au mishtuko ya misuli ilikuja au kuzidi ghafla baada ya maambukizi hayo, bila korea kamili. Madaktari bado wanabishana kuhusu upana wa kundi hili. Usijinunulie antibayotiki duka la dawa kwa sababu mtoto anahesabu vigae. Lakini dalili zikilipuka ndani ya siku mbili tatu baada ya koo kuuma, au mikono ikichezacheza yenyewe, mpeleke hospitali na uombe moyo wake usikilizwe pia.

Tiba inaubadilisha ubongo, au inatuliza tu?

Mwaka 1992 kikundi cha Lewis Baxter, Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kilichukua picha zinazopima jinsi ubongo unavyotumia sukari. Wagonjwa wengine walipewa fluoxetini, wengine mazoezi ya kitabia bila dawa. Baada ya wiki 10 hivi, kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, matumizi ya sukari katika kaudeti ya kulia yalikuwa yameshuka. Walikuwa watu wachache, ila ujumbe ulikuwa mzito: kidonge na mazoezi vilifika kwenye kifundo kilekile kwa njia mbili.

Mazoezi yenyewe yana mizizi London, mwaka 1966, pale Victor Meyer alipoeleza wagonjwa wawili waliosaidiwa kukabiliana na wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya lile tendo lao. Leo yanafanywa kwa ngazi, na kwa ridhaa ya mgonjwa. Anashika kitasa cha mlango, hanawi. Hofu inapanda. Anabaki nayo. Siku ya kwanza ni mateso, na sitakudanganya. Polepole anajifunza kuwa anaweza kuondoka kituoni hata kama konda hajagonga.

Upande wa dawa, zinazotumika kwanza ni zile zinazoongeza serotonini, kemikali ya mawasiliano ya ubongo, kama fluoxetini na sertralini. Ipo pia klomipramini, ya zamani kidogo, ambayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya OCD. Mambo mawili huwakatisha watu tamaa mapema. Kiasi cha dawa kinachohitajika kwa OCD mara nyingi ni kikubwa kuliko cha sonona, na nafuu huchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema dawa haifanyi kazi. Usiache ghafla, na usiongeze mwenyewe.

Kwa wachache sana walioshindikana kwa yote, kuna upasuaji wa kuweka nyaya ndogo za umeme ndani ya duara lile, uliotangazwa kwa OCD mwaka 1999 na madaktari wa Leuven, Ubelgiji. Nautaja tu ili usishangae ukiusikia.

Ni ya kurithi?

Kwa sehemu. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unabeba karibu nusu ya mzigo, na ikianza utotoni unabeba zaidi. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Ukiwa na OCD, watoto wako wengi hawataipata.

Sheikh ameniambia ni waswasi wa shetani. Mchungaji naye anasema nifunge na kuomba. Nifanye nini?

Kuomba hakukatazi hospitali. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Balkh (Afghanistan ya leo) aliyefariki mwaka 934, aliyaandika mawazo yanayong'ang'ania kama tatizo la nafsi lenye tiba, akilitofautisha na huzuni na hofu nyingine. Hiyo ni miaka elfu moja na zaidi iliyopita.

Na wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ukijua umetawadha, shaka iliyokuja baadaye haihesabiwi. Mwenye wasiwasi huambiwa aipuuze shaka na aendelee na sala. Ukiitazama kwa jicho la kliniki, hiyo ni karibu sana na zoezi la Meyer. Kwa hiyo mwombe sheikh akupe ruhusa hiyo mara moja, iwe ya kudumu. Ila usimrudie kila jioni kumuuliza kama udhu wa leo ulitimia. Kumuuliza nako kumeshakuwa tendo la kurudia, kama ilivyo kwa Mkatoliki anayerudi kuungama dhambi ileile mara tatu kwa wiki.

Nimejifungua, na napata picha ya kumwangusha mwanangu. Nitamdhuru?

Dada yangu, wazo linalokutisha hivyo, unalolichukia na kulikimbia, ndilo wazo la OCD. Wanaoumwa hivi huficha visu na kuogopa kumwogesha mtoto. Si watu wanaopanga madhara. Mwambie muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto au daktari. Tofauti ni pale mama anaposikia sauti zinazomwamuru, anapoamini kuwa mtoto si wake au lazima afe, au anapokosa usingizi kabisa na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo, na mama asiachwe peke yake na mtoto.

Nikienda hospitali nimwambie nini daktari?

Kwanza uende wapi: kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa au rufaa inatosha kuanzia. Hospitali kubwa za kazi hiyo ni Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Zanzibar, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala. Majina ya baadhi yake tumeyafanya matusi mitaani, najua. Wengi wanaohudhuria kliniki zake hurudi nyumbani mchana huohuo.

Usianze na "nina msongo wa mawazo", maana utaondoka na dawa ya usingizi. Sema wazo lenyewe, hata kama linakuaibisha. Sema unachofanya kulituliza. Sema kinakula muda gani, kwa sababu zaidi ya saa moja kwa siku ni moja ya vigezo tunavyovitumia. Sema nani nyumbani ameingizwa humo, kama ni mke anayekujibu au watoto wanaonawa kwa amri yako. Daktari anaweza kukuuliza maswali 10 na kukupa alama kati ya 0 na 40, alama utakazolinganisha baada ya miezi mitatu. Hizo ndizo "picha" tunazozifuatilia.

Na kama kusema kunakushinda, andika kwenye karatasi usiku uliotangulia. Yule kijana wa bahasha alifanya hivyo safari ya pili. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja tu: leo nimerudi mlangoni mara 31.